Usitoke Mpaka Nikuite

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na chupa ya chai. Nashukuru. Saa nimeitundika sebuleni, na kila nikiitazama inanijulisha kwamba hakuna mahali ninapotakiwa kuwa. Chupa ya chai mume wangu ameihamishia shambani. Kisha mmoja wenu, yule kijana anayerekodi wazee kwa simu halafu anaitia simu hiyo mfukoni pamoja na njugu karanga, akaniambia, "Madam, si utuandikie mambo ya kazi kidogo, isipotee?" Miaka yote nimekula mshahara wa kuzuia mambo ya watu yasipotee, na yeye ndiye wa kwanza kuniuliza yangu. Basi na tuanze, kabla hajaghairi.

Niliajiriwa nikiwa msichana mbichi, katika ofisi ndogo ya kumbukumbu iliyokuwa juu ya duka la mbolea mjini Kisii. Harufu ya mbolea ilipanda ngazi kabla yetu kila asubuhi. Kazi ilielezwa kwa maneno machache. Mwanzoni mwa utawala wa Wazungu, askari wenye bunduki walipanda vilima vyetu kuwaadhibu watu. Walichoma nyumba, wakaswaga ng'ombe, wakaua wenye mikuki na wasio na mikuki. Waliopiga risasi waliandika habari zao, tena waliandika vizuri, hasa kuhusu ng'ombe. Waliopigwa hawakuandika. Wale waliokuwa watoto wakati huo sasa walikuwa wakongwe wa mwisho, na sisi tulitakiwa kuwafikia kabla ya kifo. Tulikwenda kwa basi na kwa miguu. Kifo kilikuwa na usafiri bora.

Katika usaili niliulizwa maswali mawili. Je, nilijua Kigusii cha wazee? Nikasema nimelelewa na nyanya. Je, ningeweza kubeba kitu kizito kupanda mlima? Nikasema nimelelewa na nyanya. Nikapata kazi.

Kitu kizito chenyewe kilikuwa kinasa sauti cha kaseti, chenye mkanda wa ngozi uliokata bega na betri nene zilizokwisha nguvu kila mzee alipofika penye utamu. Kurekodi kulitaka ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, kwa vidole vya mtu aliyezoea kukamua ng'ombe. Kaseti ilichukua nusu saa kila upande. Upande ukiisha, vitufe viliruka vyenyewe, tak! Ukiwa karibu unaigeuza kaseti upesi na kuomba radhi. Ukiwa mbali, mzee anaendelea kusema na mashine haina habari naye. Ikumbukeni hiyo tak, nitairudia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi. Akoth, mwanamke wa kutoka upande wa ziwani, mrefu, mwenye mkoba mkubwa na subira ya ajabu kwa kila mtu isipokuwa madereva. Katika miaka yote aliyokaa kwetu alijifunza neno moja la Kigusii, bwakire, ambalo ni salamu ya asubuhi. Alilitumia asubuhi, adhuhuri na jioni bila ubaguzi, na wazee walimpenda kwa hilo. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, yeye akikiburuta upande wa ziwani na mimi upande wa milimani.

"Kemunto," aliniambia siku ya kwanza, "ukishauliza swali, nyamaza. Ukiona haya ya kunyamaza, nyamaza tena. Huyo mzee ameweka hiyo kitu miaka yote. Hawezi kuitoa juu wewe uko na haraka ya kurudi Kisii."

Nikamwitikia vizuri. Kesho yake tulikwenda kwa bikizee mmoja karibu na Keumbu, na kabla hata kiti hakijapata joto nikamuuliza kwa Kigusii safi, "Bibi, ni nani waliouawa kwenu?" Bikizee akanitazama. Akainuka, akachukua ufagio, akaanza kufagia ua. Alifagia ua uliokuwa umeshafagiwa, akafagia mpaka miguuni petu, tukawa tunainua viatu.

"Umemuuliza kama polisi," Bi. Akoth alinong'ona. "Sasa muulize hivi. Yule mdogo wake aliyezaliwa baada ya vita, aliitwa jina la nani?"

Nikauliza. Ufagio ukasimama. Bikizee akaketi.

Kwa wale ambao si wa hapa, niseme kwamba kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Anapewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, kisha kanisa linaongeza la nabii au mtakatifu kwa juu, kama kofia. Kwa hiyo watoto waliozaliwa baada ya vita walibeba majina ya waliouawa vitani. Ukimuuliza mzee kuhusu wafu, anafunga mlango. Ukimuuliza walio hai walipewa majina ya nani, wafu wanatoka mmoja mmoja, kila mtu na nyumba yake, ng'ombe wake na ukali wake. Bi. Akoth alilijua hilo kwa sababu kwao pia majina hayaokotwi njiani. Tangu siku hiyo hatukuuliza ni nani aliyekufa. Tuliuliza majina ya watoto, na jioni tulirudi mjini na kijiji kizima kwenye mkoba.

Msidhani kazi ilikuwa ya huzuni kila siku. Mara nyingi ilikuwa ya jogoo. Jogoo wa Kisii na Nyamira wanaitambua mashine ya kurekodi na wanaichukia. Mvua nayo iliposhuka juu ya mabati tulirekodi mabati. Nina kaseti ya mzee mmoja wa Keroka aliyejenga kando ya barabara kuu, akawa anasimamisha ushahidi ili malori yapite. Ukiisikiliza utaona malori yalipata nafasi zaidi yake. Jumamosi hatukuweza kwenda kwa Wasabato, Jumapili hatukuweza kwenda kwa Wakatoliki, siku ya soko hatukumkuta mtu wa dini yoyote. Na kila nyumba tulipikiwa, na kukataa ni tusi, hivyo siku ya wazee watatu ilikuwa siku ya ugali mara tatu. Bi. Akoth alinifundisha kula kidogo kwa muda mrefu. Hiyo nayo ni mbinu ya kazi.

Baada ya muda niliolewa Itumbe, kwenye mji uliozungukwa na chai pande zote. Mume wangu Evans ni mwalimu, kitinda mimba wa mke wa tatu wa Mzee Ratemo. Nilimpenda Evans na sikupeleleza umri wa baba yake. Nilipofika ndipo nilipoelewa nimeolewa wapi. Mzee Ratemo alikuwa mmoja wa watoto wa vita. Na kadiri wazee wetu walivyoendelea kutuponyoka, ikafika mahali Bi. Akoth akaniambia kwamba kwenye vilima vile vyote alikuwa amebaki yeye peke yake aliyekuwepo siku ile. Wengine wote walikuwa wakisema waliyoambiwa.

Yaani shahidi wa mwisho alikuwa akiishi hatua chache kutoka jikoni kwangu. Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kumuuliza, nilikuwa mtu pekee wilayani nisiyeruhusiwa.

Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, kati ya wazazi na watoto waliokua, na zaidi kati ya mkwe na mkwe. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe. Mke wa mwana hapigi soga naye, hamkazii macho, hanyonyeshi mbele yake, hatamki jina lake kwa sauti. Hakika hamkalii mbele na mashine magotini akamuuliza, "Mama yako alikufaje?" Mzee Ratemo alipopita njiani, mimi nilipata ghafla hamu ya kutazama majani ya chai.

Ofisi ilijaribu njia nyingine. Bi. Akoth alikuja mwenyewe, Evans akawa mkalimani. Mzee alimkaribisha vizuri sana, akajibu bwakire yake ya saa kumi jioni, kisha kwa kila swali akasema, "Sikumbuki. Nilikuwa mdogo." Akatumwa mfanyakazi mwenzetu wa kiume, mtu mzima, mwenye heshima zake. Mzee alimweleza aina zote za ndizi, ipi ya kupika, ipi ya kuivisha, ipi ya kumpa mgeni usiyemtaka arudi. Kaseti hiyo ipo mpaka leo. Ni kaseti nzuri kabisa kuhusu ndizi.

Nilimuuliza mama mkwe, maana kati ya wanawake mambo husemeka. Tulikuwa tunachuma chai, yeye mstari wake na mimi wangu.

"Mbona hasemi, mama?"

"Amwambie nani?" alisema bila kuinua kichwa. "Evans? Mtu hamwambii mwanawe kwamba siku ile alimwacha mama yake mwenyewe. Na yule mwingine wa ndizi ni wa nani? Hata ukoo wake hatuujui."

"Sasa atamwambia nani?"

"Sijui, mwanangu. Labda huyo mama mwenyewe. Na alikwisha kufa."

Halafu nikajifungua mtoto wa kike. Nyanya yangu, yule aliyenipatia kazi bila kujua, alikuwa amefariki mwaka huohuo, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba mtoto ni Kerubo, jina la nyanya. Mzee akatuma neno kupitia kwa mkewe: mtoto ni Nyaboke. Nikatuma neno kwamba ni Kerubo. Likarudi: Nyaboke. Nililia kwa hasira, nikamwambia Evans kwamba mzee mwenye wajukuu wengi hivyo angeweza kuniachia huyu mmoja. Evans akaniambia kwamba baba yake hajawahi kumwomba mtu kitu maishani, na sasa anaomba. Nikakubali kwa shingo upande. Mzee akaanza kumwita mtoto wangu "mama," nami nikaona ni mazoea ya wazee.

Bi. Akoth alikuja kutuona na sukari na sabuni. Akampakata mtoto.

"Anaitwa nani?"

"Nyaboke."

"Nyaboke ni nani?"

"Ni jina la upande wa mzee."

"Nimesikia. Nyaboke ni nani?"

Nikanyamaza. Yeye naye akanyamaza, kisha akaendelea kunyamaza, kwa ile mbinu yake ambayo sikuwahi kufikiri angenitumia mimi.

"Kemunto," alisema mwishowe, "hilo swali umeuliza Kisii yote na Nyamira yote. Kwako nyumbani umeruka?" Akacheka mpaka mtoto akaamka.

Jioni hiyo nilimuuliza mama mkwe. Nyaboke alikuwa mama mzazi wa Mzee Ratemo, aliyeuawa siku ile. Jina lilikuwa limewahi kutolewa mara moja, kwa binti wa mke wa kwanza, naye akafa kwa surua akiwa mchanga. Mzee hakulitoa tena kwa binti yeyote wala mjukuu yeyote. Aliogopa kumpoteza mara ya tatu. Sasa alikuwa anaona siku zake zimekwisha, akaona amjaribu tena, na mimi ndiye niliyekuwa na tumbo wakati huo. Niliona haya kwa ajili ya machozi yangu ya Kerubo.

Mtoto akaanza kukaa. Mzee akaanza kukohoa. Kikohozi chake nilikisikia kutoka jikoni, kikavu, na kila kilipokoma nilisubiri kianze tena. Ofisini waliniuliza kila Jumatatu, "Mzee wako vipi?" nami nilijua hawaulizi afya. Nilikuwa siwezi kufanya lolote. Nilikuwa nikienda Borabu na Keroka kurekodi wajukuu wa mashahidi, nikirudi namsikia shahidi mwenyewe akikohoa ng'ambo ya ua.

Alasiri moja nilikuwa nje napepeta wimbi. Mama mkwe akaja, akasimama mbele yangu na mikono nyuma.

"Mzee anasema ulete ile mashine yako."

Ungo nusura unianguke.

"Na mtoto," akaongeza. "Wewe hapana."

Nikatia betri mpya. Nikatia kaseti mpya, nikaipeleka mbele kidogo kupita ile sehemu isiyorekodi. Kwa kuwa mzee asingeweza vile vitufe na mama mkwe hakutaka kuvigusa, nilibonyeza kurekodi nikiwa nje, nikampa mashine mkono mmoja na Nyaboke mkono mwingine. Ndiyo maana kaseti ile inaanza na kuku, miguu, na mama mkwe akiniuliza, "Hii kitu inauma?" Akaviweka vyote viwili ndani ya nyumba ndogo ya mzee, mashine juu ya kigoda na mtoto juu ya ngozi, akatoka, akaufunga mlango. Akaja tukaketi pamoja chini ya ukingo wa paa, tukaendelea na wimbi.

Ukuta ulikuwa wa udongo. Nilisikia sauti yake ikivuma, sikusikia maneno. Alisema bila kukohoa sana. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kupepeta wimbi safi namna ile. Nilijua nusu saa inavyokaa, mtu wa kazi hii huijua tumboni, na nilivyoihisi inakwisha nikauweka ungo chini.

Tak!

Mama mkwe akashtuka. "Nini hiyo?"

"Kaseti imeisha upande."

"Ehe?"

"Inatakiwa kugeuzwa."

Ndani, sauti iliendelea kuvuma vilevile. Mzee hakujua. Mashine ilikuwa imelala na yeye anasema.

"Ingia uigeuze," mama mkwe alisema.

"Mama, unajua siwezi."

"Najua. Nimesema tu."

"Ingia wewe."

"Mimi ameniambia nisirudi mpaka aite. Halafu sijui inageuzwaje."

Nilichukua kiberiti nikamwonyesha: unabonyeza hapa, mdomo unafunguka, unaitoa, unaigeuza tumbo juu, unairudisha, unabonyeza viwili. Akakigeuza kiberiti mara kadhaa, akakitazama kwa mashaka makubwa, njiti zikamwagika. Tukaziokota. Sauti ndani ilikuwa imepanda kidogo, mara ikashuka sana, mara ikapanda. Chochote alichokuwa anasema, alikuwa amefika. Nilitaka kuupiga ule mlango teke. Nilitaka pia asikatizwe, kwa sababu mtu aliyenyamaza maisha yake yote ukimkatiza hapo, harudii. Nikabaki nimekaa na njiti za kiberiti mkononi, nalia bila sauti, na mama mkwe akajifanya anatafuta mawe kwenye wimbi.

Aliyetuokoa alikuwa Nyaboke. Alishikwa na njaa, akapiga yowe lake la kwanza, kisha la pili. Mtoto akilia njaa, mama yake anaingia popote. Hilo hata chinsoni inalijua.

Nikabisha, nikaingia nikitazama sakafu. Niliona miguu ya mzee tu. Nilimwinua mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, bila kupiga magoti vizuri, nikafungua mashine, nikageuza kaseti, nikabonyeza vitufe viwili kwa dole gumba na kidole cha kati. Nikageuka kutoka. Nilipofika mlangoni, mzee akauambia ukuta uliokuwa mbele yake, "Mama akishashiba, arudishwe."

Nilimnyonyesha nyuma ya nyumba. Hakunyonya kwa haraka, Nyaboke, hajawahi kuwa mtu wa haraka. Akashiba, mama mkwe akamrudisha.

Kaseti niliisikiliza ofisini, mimi na Bi. Akoth, mlango umefungwa. Kwanza nilijiuliza kama inafaa. Chinsoni haisemi lolote kuhusu kaseti, wazee hawakuiona ikija. Na mzee alijua fika nani mjini angeisikiliza. Kwa hiyo nilisikiliza nikimtafsiria Bi. Akoth sentensi baada ya sentensi, macho yangu yakiwa chini kana kwamba yupo.

Upande wa kwanza anaongea na mtoto taratibu. "Mama, umelala? Lala, nitasema polepole." Anamkumbusha nyumba ilivyokuwa, ng'ombe mweupe aliyempenda, moshi ulioonekana kwanza kwenye kilima cha pili. "Ulikuwa unasaga. Ukaacha jiwe hapohapo na unga juu yake. Ukanishika mkono tukakimbia kwenye migomba. Ukanilaza, ukanifunika majani makavu mengi. Ukaniambia…" Tak.

Upande wa pili unaanza na ukimya mrefu na Nyaboke akicheua. Kisha sauti yake: "Umeshiba? Haya. Ulisema, usitoke mpaka nikuite. Nilikaa, mama. Nilikaa mpaka nikajikojolea, mpaka siafu wakanizoea. Kukawa kimya. Njaa ikaniuma, nikatoka. Hukuwa umeniita. Nyumba ilikuwa moshi, nikakimbia upande wa wajomba. Walisema uliuawa pale. Mimi sikukuona. Kwa hiyo nimekuwa nikifikiri, labda uliniita baadaye, na mimi sikuwepo tena."

Halafu anakaa kimya, kaseti inazunguka, mtoto anagonga kigoda kwa mkono. Hakuna kingine.

Bi. Akoth aliinuka akaenda dirishani akatazama barabara kwa muda. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Mkuu wetu aliposikiliza tafsiri aliuliza jambo la haki kabisa kwa mtu wa cheo chake: "Sehemu yenyewe iko wapi? Mauaji yako wapi?" Alikuwa na haki. Yote aliyoyasikia mzee akiwa chini ya majani, aliyasema kati ya tak na yowe la mtoto, na hayapo. Tuna kujificha na tuna kutoka. Katikati pana vita vizima ambavyo havikurekodiwa.

"Aliambiwa mtoto," nilisema.

"Unaweza kurudi ukamuuliza tena?"

"Haitarudiwa," Bi. Akoth akajibu kwa niaba yangu. "Hiyo katikati hakupewa Kemunto."

Hatukurudi. Nyaboke sasa ni mama wa watu, anafanya kazi kiwanda cha chai, na nimemuuliza kwa utani mara nyingi alichoambiwa alasiri ile. Anasema alikuwa na njaa. Miaka michache iliyopita mlipozihamishia kaseti kwenye kompyuta, mmoja wenu aliunganisha pande mbili na kuondoa ukimya "ili itiririke." Mkiisikiliza sasa mtadhani mzee hakusita. Alisita. Irudisheni nafasi, tafadhali, hata kama haina kitu ndani yake.

Lakini jambo ninalotaka kuwaachia halipo kwenye kaseti yoyote. Baada ya siku ile mzee alipata nafuu, akaishi mpaka Nyaboke akaanza kusema, na kusema sana. Mke wa mwana hamwiti baba mkwe kwa kupaza sauti, hivyo chakula kikiwa tayari humtuma mtoto. Nilikuwa namwambia, "Nyaboke, kamwite Sokoro," na Sokoro ndilo neno letu la babu. Alikwenda akikokota miguu, akasimama mlangoni pa ile nyumba ndogo, akapiga kelele ya kusikika mpaka kiwandani: "Sokoro! Toka! Chakula!"

Zamani mzee alikuwa anakuja mwenyewe, harufu ya ugali ilitosha. Sasa hakuwa anakuja. Alikaa mle ndani, mlango wazi, anatuona tukipakua, na hakuinuka mpaka mtoto afike na kumwita. Nyaboke akichelewa njiani kucheza na kuku, chakula kilipoa. Mama mkwe alilalamika. Watoto wake wakubwa walisema ni uzee, mwacheni. Mimi sikusema kitu, na sikuwa na ruhusa ya kusema. Nilikuwa namharakisha mtoto tu.

Alitoka kila alipoitwa, isipokuwa asubuhi moja.